Dodoma jamani tuoteshe miche ndani

Ikifika mwezi wa kumi na moja mtaani kwetu utaona watu wanahangaika na mbegu. Mtu kalima kituta vizuri kabisa, kamwaga mbegu za sukuma na bilinganya, anamwagilia asubuhi na jioni, wiki mbili baadaye hamna kitu, anasema kauziwa mbegu feki. Feki zipo kweli, ila mara nyingi mbegu ilikuwa nzima tu, imeanza kuota kwenye udongo unaochemka saa saba mchana, au udongo umepiga ukoko juu mche ukashindwa kutoboa, au umetoboa na kuku wa jirani wakaumaliza kabla hujaamka.

Mi msimamo wangu ni kwamba kwa bustani ya nyumbani huku kwetu, kuoteshea miche ndani au barazani ndio njia ya kwanza kabisa. Watu wanaangalia video za Wazungu wanaotesha ndani sababu nje kuna theluji, wameweka na mataa, basi wanasema hayo hayatuhusu. Yanatuhusu sana tu, wao wanakimbia baridi, sisi tunakimbia jua, upepo na shida ya maji. Na hili nawaambia hasa ndugu zetu waliohamia huku tangu serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016, wengine wametoka Moshi au Mbeya wamezoea ukitupa mbegu inaota, hapa ni nchi nyingine.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba inaisha Machi au Aprili, na katikati hapo huwa inakata watu wanabaki wanaangalia mawingu. Sasa ukisubiri inyeshe ndio usie mbegu ya hoho, ambayo inataka wiki sita hadi nane kabla ya kuhamishwa, msimu unakuacha. Ukisia mapema Novemba ndani, mvua ikishaanza kunyesha vizuri una mche tayari. Na maji yenyewe, trei ya mayai inatosheka na kikombe kimoja au viwili, kituta kinakunywa ndoo nzima na kesho kinataka tena.

Trei ya mayai ni ya sukuma na chainizi. Hoho, nyanya na bilinganya zipe vikopo vya mtindi au chupa za maji ulizokata, toboa chini kwa msumari wa moto. Udongo changanya wa juu, samadi iliyooza na mchanga wa korongoni, samadi kwa Wagogo sio shida, vijiji vinavyouzunguka mji vina mazizi, ila isiwe mbichi manake inaunguza mizizi. Halafu mwagia huo mchanganyiko maji yanayochemka, acha upoe ndio usie. Hii usiiruke kwa sababu ya kinyausi, jana mche umesimama vizuri leo umelala, ukiinama ukaangalia pale shina linapoingia kwenye udongo unakuta pamelainika, pamekuwa peusi na pembamba kama uzi. Ni fangasi, na anayewapa nguvu ni mtu anayemwagilia kupita kiasi, hasa jioni.

Nikisema ndani sio chini ya meza jikoni. Mche ukikosa mwanga unarefuka, unapauka, unainamia dirishani, huo hata ukiupanda upepo wa huku unaukata. Weka dirisha la mashariki au baraza inayopata jua mpaka saa nne hivi, na wiki moja kabla ya kupandikiza uwe unaitoa nje kidogo kidogo izoee. Pandikiza jioni, weka matandazo ya nyasi.

Karoti usihangaike nayo ndani, ukiihamisha mzizi unapinda na kugawanyika, isie palepale itakapokulia. Mchicha nao mwaga tu. Mlenda ndio kabisa, mvua ikishuka unajiotea wenyewe.

Kuna wanaosema si ununue tu miche kwa wauzaji. Nunua kama una haraka, ila geuza majani uangalie chini yake kabla hujatoa hela, ukiona vidudu vyeupe vinaruka achana nayo, hao inzi weupe ndio wanaoleta rasta, nyanya inakunja majani inadumaa na dawa ya kuitibu hakuna.