Nyama ibaki mjini, kambini tupike mbaazi

Kila grupu la WhatsApp likianza kupanga kwenda kambi, iwe ufukwe wa Msimbati huku Mtwara iwe kule Rondo, Lindi, kwenye kibaridi, mjadala wa kwanza ni nyama kilo ngapi. Maji ya kunywa hayajaulizwa, tochi hazijaulizwa, ila nyama kilo ngapi na nani anabeba deli la barafu. Mi naona tunajitesa bure. Watu ishirini wakienda kulala ufukweni kwa joto letu hili la kusini, chakula chao ni sufuria moja kubwa ya mbaazi na muhogo wa nazi, bila nyama na bila samaki, na watu watashiba mpaka watafute mkeka.

Najua jibu litakalokuja. "Dada, yani tutoke mjini twende tukale mbaazi kama tupo nyumbani?" Naulizwa hivyo sana, na kinachoniuma ni ile dharau iliyomo, kwamba mbaazi ni mboga ya siku hela haijatoka. Wakati mikoa yetu hii ni miongoni mwa inayolima mbaazi kwa wingi nchini na nyingi zinapakiwa kwenda India, ambako ni chakula cha kila siku cha mwenye nacho na asiye nacho. Mwaka 2017 mwezi wa nane India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kutoka nje, bei huku ikaporomoka vibaya, mkulima akabaki anaangalia magunia yake. Sisi wenyewe hatukula hizo mbaazi. Tuliendelea kuchangishana hela ya nyama.

Haya, tuje kwenye hiyo nyama. Imenunuliwa buchani saa moja asubuhi, ikae kwenye gari, kutoka Mtwara mjini mpaka Msimbati ni kama kilomita arobaini, mkifika kuna kushusha mizigo, kufunga mahema, wengine washaingia baharini, mpaka moto uwashwe ni jioni na barafu ilishageuka maji zamani. Nyama ikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili wadudu wa ugonjwa wanazaliana hata kama hainuki, na mtu akianza kuharisha usiku kambini hata choo cha kueleweka hakuna. Halafu kundi likiwa mchanganyiko kuna suala la nani kachinja, kuna ambaye hali ng'ombe, kuna mzee mwenye gauti, kuna mgeni asiyekula nyama kabisa, mnajikuta mnapika sufuria tatu kwenye mafiga ya sufuria moja. Mbaazi haina maswali hayo, wote mnakaa sinia moja.

Sasa upishi wenyewe. Watu ishirini, mbaazi kavu kilo mbili, muhogo uliomenywa kilo sita, nazi sita au saba kubwa, vitunguu kilo, nyanya kilo na nusu, korosho zilizobanguliwa nusu kilo, bizari, tangawizi, kitunguu swaumu, pilipili mbuzi chache nzima nzima. Sufuria iwe ya lita ishirini na zaidi maana mbaazi inavimba. Zioshe, zichambue mawe, ziloweke usiku wa kuamkia safari, asubuhi mwaga yale maji na zichemshe nyumbani mpaka ziive nusu kama gari linachelewa kuondoka, mkifika kambini mmeokoa kuni nyingi. Ukiminya punje moja kwa vidole ikasagika bila kubaki kiini kigumu katikati, imeiva. Hapo ndo nyanya iingie, si kabla. Wengi wanatia nyanya mapema halafu wanalaumu mbaazi ni za zamani, kumbe uchachu wa nyanya ndo unazifanya zikatae kuiva. Na magadi mi siyapendi, yanalainisha kweli lakini yanaua ladha na vitamini vinapotea.

Muhogo nunua karibu na siku ya safari, ukishang'olewa ukakaa siku mbili tatu unaanza mistari ya bluu ndani. Chukua ule mtamu unaojulikana, muuzaji muulize, usijaribu muhogo mchungu kwenye chungu cha watu maana una sumu na unataka maandalizi yake ya siku kadhaa. Menya, toa ule uzi wa kati, katakata, utie mbaazi zikishalainika pamoja na tui jepesi.

Nazi zibebeni nzima na kibao cha mbuzi, mkune hapohapo, kwa sababu tui likikamuliwa mjini litafika limechacha. Hii ndo kazi ya kuwapa wale vijana wanaokaa karibu na moto wakiuliza chakula tayari. Tui zito linaingia mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa kwa kuvuta kuni nje, na hapo hakuna kufunika, koroga polepole upande mmoja mpaka lianze kutokota, ukiliacha lichemke kwa nguvu linakatika na sufuria nzima inakuwa maji huku na mafuta kule. Korosho zilizolowekwa ziponde kwenye kinu au hata kwenye mfuko kwa jiwe safi, tia muda huohuo. Mchuzi unakuwa mzito, unang'ang'ania muhogo, na juu vinatokea vijicho vya mafuta ya njano ya bizari. Yule aliyeuliza nyama iko wapi huwa anaongeza sahani. Ila kabla ya korosho uliza kama kuna anayedhurika nazo, na huyo mchotee chake pembeni mapema.

Shibe yake si ya kubahatisha. Mbaazi kavu karibu sehemu moja kwa tano ni protini, muhogo unatoa nguvu, nazi na korosho zinatoa mafuta, ndo maana mtu anakula saa mbili usiku na asubuhi bado ana nguvu ya kutembea mchangani.

Kuni, jamani. Msimbati ipo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, mikoko haikatwi. Bebeni mkaa au kuni kutoka mjini.

Kiporo chenye tui msikilaze kwenye sufuria mkidhani mtakipasha asubuhi, kwa joto lile kinachacha, bora mpike kiasi na wapishi wagawe chote usikuohuo. Wanaopanga safari ya mwezi wa nane mbaazi mpya zitakuwa zimeshaanza kuvunwa, basi ile hela ya deli na barafu inunue moja kwa moja kwa mkulima, na mumlipe bei nzuri.