Wimbi la boti yako ni lako

Asubuhi ya shwari kwenye Ghuba ya Mwanza, wavuvi wawili wanapandisha nyavu. Wote wameegemea upande mmoja, mtumbwi umelala, na kutoka ukingoni hadi majini pamebaki kiganja tu. Boti ya mwendo kasi inapita mita 300 kutoka hapo. Baada ya dakika moja au mbili mawimbi yake yanawafikia, na nahodha keshafika mbali. Hakumgonga mtu, kwa hiyo anajiona hana kosa. Kwangu mimi kosa ni lake lote.

Husemwa kwamba wavuvi wameyazoea mawimbi. Ya upepo, ndiyo: huonekana yakija, na omo, yaani mbele ya chombo, hugeuzwa mapema. Ya boti hutokea maji yametulia na huja mfululizo. La kwanza linamwaga maji ndani, maji yanakimbilia upande uliolala, la pili linakuta mtumbwi hauwezi tena kuinuka.

Manahodha wengi hupunguza mwendo nusunusu, na hapo ndipo wanapoharibu zaidi. Boti ya mita 8 ikienda chini ya kilomita 9 kwa saa huacha mikunjo midogo tu. Kati ya kilomita 14 na 25 hivi, omo inapanda, tezi (nyuma ya chombo) inazama, na boti inayalima maji. Wimbi la mwendo huo ni kubwa kuliko hata la boti hiyohiyo ikishainuka na kuteleza. Na wimbi lenye kimo mara mbili hubeba nguvu mara nne.

Basi anza kupunguza mapema, kabla hujawakaribia wavuvi. Rudisha mafuta polepole, kwani ukikata ghafla wimbi lako mwenyewe litakufuata na kuingilia tezini. Ngoja omo ishuke kabisa, kisha geuka utazame nyuma: ukiona povu kwenye vilele, bado una kasi. Abiria na mizigo wasirundikane tezini. Ukishawapita usikaze mafuta papo hapo, utarudi kwenye mwendo uleule mbaya. Usiku wa dagaa, usikatize katikati ya taa za wavuvi. Zunguka kundi zima.

Aliye kwenye mtumbwi alegeze wavu, aelekeze omo kwenye wimbi kwa mshazari, na kila mtu akae chini. Jaketi okozi liwe mwilini, limefungwa, si la kukaliwa.

Kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga ufukweni, kina kinapopungua wimbi husimama zaidi. Mitumbwi iliyofungwa hugongana, maungio ya mbao hulegea, pamba ya kalafati inayoziba nafasi kati ya mbao hutoka. Leo pamba, misumari na siku za kukosa kwenda ziwani ni hasara ya mvuvi. Viongozi wa BMU, vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni, waandike namba ya boti na saa ilipopita, na fundi akishataja gharama, bili apelekewe nahodha.