Jiwe jeupe lililo kwao

Februari 2025 mama mdogo alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Vwawa. Alikuwa ameona kwenye simu ya mjukuu wake kwamba kimondo kinakuja kuipiga dunia. "Mwanangu, hicho kimondo kinaangukia wapi? Huku watoto hawalali."

Habari yenyewe ilikuwa na ukweli ndani yake. Jiwe la mita 60 hivi, lililoandikishwa kwa jina la 2024 YR4, lilikuwa limekadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 3.1 wa kuigonga dunia Desemba 2032. Siku chache baadaye vipimo vipya viliushusha uwezekano huo hadi karibu na sifuri. Habari ya kwanza ilimfikia mama mdogo kutoka kila upande. Ya pili nilimpelekea mimi.

Lililonikaa moyoni ni lile neno, kimondo. Kwa mtu wa Vwawa neno hilo lina uzito wake, na uzito wenyewe ni wa tani zaidi ya kumi. Kimondo cha Mbozi kiko wilayani kwake, kijiji cha Ndolezi. Nilipelekwa kukiona nikiwa darasa la tano. Ni chuma kitupu, takriban asilimia 90, kilichobaki ni nikeli kwa sehemu kubwa. Kirefu kama mita 3, kimewekwa juu ya kiguzo cha zege. Nilikigusa asubuhi, kikawa baridi kama sufuria iliyolala nje. Uso wake una mabonde madogo yanayopokea vidole vizuri kabisa, kana kwamba mtu aliufinya ukiwa bado laini. Sasa mwambie mtu aliyekiona hicho kwamba kimondo kingine kiko njiani. Atalala vipi?

Kimondo ni jiwe la angani lililokwisha kuingia kwetu: limewaka, na likibakiza kitu, limeanguka. Asteroidi ni jiwe lililo kwao. Yapo zaidi ya milioni moja yaliyokwisha kutambuliwa, na mengi mno yanazunguka Jua katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, hayana safari ya kuja huku. Vyombo vyetu vya habari vinayaita yote vimondo, na vinayakumbuka kwa mambo mawili tu: ama linakuja kutuua, ama lina dhahabu ya matrilioni ya dola. Naona tunapunjwa. Tunapunjwa kwa sababu mawe yaliyo mengi hayatutishi wala hayatutajirishi, na ndani ya hayo ndimo kuna habari nzuri kuliko zote.

Mfano wangu ni Šteins, jina litamkwe Shteins. Ni asteroidi namba 2867, iliyogunduliwa tarehe 4 Novemba 1969 na Nikolai Chernykh kwenye kituo cha falaki cha Crimea, ikapewa jina la Kārlis Šteins, mwanafalaki wa Latvia. Ni ndogo. Kipenyo chake cha wastani ni kilomita 5.3, na Kibo chetu kina mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ukipenda fikiria mlima mmoja unaoelea peke yake. Huchukua miaka 3.6 hivi kulizunguka Jua, na haiji karibu nasi.

Kinachoitenga ni weupe. Asteroidi nyingi zina rangi ya makaa, zinarudisha asilimia 5 hivi ya mwanga unaozipata. Šteins hurudisha kama asilimia 40. Wanafalaki huziita za namna hiyo aina ya E, na ni chache sana ukandani. Herufi hiyo inatokana na enstatiti, madini ya magnesiamu na silika ambayo karibu hayana chuma ndani yake. Mwamba unapokosa chuma, unakosa pia kitu kikubwa kinachoutia weusi.

Chuma kilikwenda wapi? Hapo ndipo ninapopapenda. Wazee wa Ufipa walipoyeyusha chuma kwenye malungu, zile tanuri ndefu za udongo, mawe yenye madini yaligawanyika ndani ya moto: chuma upande wake, mavi ya chuma upande wake. Mwanzoni kabisa mwa mfumo wa Jua, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, kuna miili ya angani iliyopata joto la kuyeyuka namna hiyo. Chuma, kwa uzito wake, kilizama katikati. Mwamba mwepesi ukabaki juu. Baadaye miili hiyo iligongana ikavunjika, vipande vikatawanyika. Šteins ni kipande cha mwamba wa juu wa mwili wa namna hiyo. Vyuma kama cha Mbozi vinatueleza upande wa pili, ule uliozama. Sisemi vilitoka mahali pamoja. Nasema kazi iliyofanyika ni ileile, na mama mdogo anaishi jirani na nusu ya maelezo yake bila mtu kumwambia kwamba ipo nusu nyingine, nyeupe.

Tarehe 5 Septemba 2008 chombo cha Ulaya kiitwacho Rosetta, kikiwa njiani kwenda kwenye nyotamkia, kilipita kilomita 800 tu kutoka Šteins, kwa mwendo wa kilomita 8.6 kila sekunde. Ishara ya redio kutoka huko ilichukua dakika 20 kufika duniani, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuongoza kwa mkono. Kila kitu kilipangwa mapema na chombo kikaachiwa kijifanyie. Dakika kama 9 kabla ya kufika karibu kabisa, kamera yenye jicho kali ilijizima kwa kujilinda. Ikabaki ile ya jicho pana. Picha bora tulizo nazo zimetoka huko, kila nukta yake ikichukua mita 80 za ardhi. Jiwe zima, upande kwa upande, ni nukta sabini hivi.

Nimezitazama nukta hizo mara nyingi kuliko picha za harusi yangu. Umbo lake ni kama almasi iliyochongwa, na ndiyo maana makasoko yake, yale mashimo yaliyochimbwa na mapigo, yalipewa majina ya vito. Mimi nikilitazama naona pia ya kuchezea, ile ya mti tuliyoizungusha kwa kamba uwanjani: pana kiunoni, imechongoka chini. Na mfano huo haukutoka mbali na sababu yenyewe. Jua linapolipasha jiwe dogo lenye umbo lisilo sawa, joto linapotoka tena jiwe husukumwa kidogo sana, kiasi ambacho mkono wako usingekihisi. Lakini jiwe linasukumwa hivyo kwa miaka mamilioni. Mzunguko wake unaongezeka kasi, vifusi vinaporomoka kutoka kwenye ncha kuelekea kiunoni, na mwisho unapata umbo la pia. Leo Šteins inajizungusha mara moja kila baada ya saa 6 na dakika 3 hivi. Mwanga tu, huu unaokausha nguo kambani, ndio uliolifinyanga jiwe la ukubwa wa mlima. Hiyo haikustahili kichwa cha habari?

Kisha kuna kasoko lililoitwa Almasi, upande wa kusini. Lina upana wa kilomita 2.1 kwenye jiwe la kilomita 5.3. Ni kama embe lililoumwa. Kutoka upande mwingine unashuka mstari wa vishimo saba, kama tundu za vifungo, na wachunguzi wanaona huenda vishimo hivyo ni mahali ambapo vumbi lilidondokea ndani ya ufa. Pigo lililochimba Almasi lilipaswa kulimaliza jiwe zima. Halikulimaliza.

Vipo vimondo vya familia hii ya mawe meupe vilivyoanguka duniani, vichache, na viwili ninavyovikumbuka kila mara viliangukia bara letu: Khor Temiki nchini Sudan mwaka 1932 na Mayo Belwa nchini Nigeria mwaka 1974. Cha karibuni kiliangukia kijiji cha Ribbeck, magharibi ya Berlin, usiku wa kuamkia tarehe 21 Januari 2024. Mhungaria Krisztián Sárneczky alikiona kikiwa bado angani, ikiwa imesalia chini ya muda wa saa tatu kianguke. Kila mtu alijua mahali pa kutafuta, na bado watafutaji walihangaika siku kadhaa mashambani. Walizoea vimondo vyenye ganda jeusi la kuungua. Hivi ganda lake ni kama kioo, linaacha weupe uonekane, na kwa mbali huwezi kuvitofautisha na mawe mengine ya shambani. Wapo waliopita karibu navyo wasivione.

Mawe haya mara nyingi hubeba salfaidi ya kalsiamu, madini yaliyoumbika mahali pasipo unyevu, ambayo huharibika yanapokutana na hewa yenye maji. Nikiwaza hilo namkumbuka bibi yangu wa Tanga na chumvi yake iliyokuwa ikiyeyuka kwenye kikombe kila masika. Kimondo cha Mbozi kimevumilia mvua za Songwe kwa muda ambao hakuna mzee anayeukumbuka. Kimondo cha aina ya Šteins kingeangukia hapo, kingechakaa mapema, na kabla hakijachakaa kuna mtu angekichukua ashikizie mlango.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika habari za anga kwa Kiswahili ni hili. Liacheni neno kimondo kwa kilichoanguka au kinachowaka angani. Lililo huko liitwe asteroidi, neno lilikwisha kuingia na watoto wanalitamka bila shida. Na siku ambayo hakuna jiwe linalokuja, andikeni pia.

Nami nimeanza nyumbani. Nilipokwenda Vwawa Pasaka nilimwonyesha mama mdogo picha ya Šteins kwenye simu. Nilimwamkia, nikala, nikasubiri hadi watoto wote wakakaa karibu yetu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza hadi kwenye lile kasoko.

"Hapa palipigwa."

"Palipigwa, mama."

"Na halikuvunjika?"

Nikamweleza kwamba wachunguzi wanaona lilikuwa limekwisha kupasuka tangu zamani. Ni lundo la vipande vinavyoshikana kwa mvuto wao wenyewe, na pigo likizama kwenye lundo hufifia, kama ngumi kwenye gunia la mchanga. Mwamba mmoja mzima ungesambaratika.

Aliitazama tena, kisha akampa simu mjukuu wake mdogo, yule aliyekuwa halali. "Hilo halishuki," akamwambia. "Lipo kwao."