Gitaa Langu la Eko Halipelekwi Ulaya

Ninauza gitaa la umeme la Kiitaliano, Eko 500, la miaka ya 60, lenye pikapu nne (vinasa sauti vya nyuzi) na wenzo wa kutetemesha sauti. Bei ni Sh70,000 na sharti ni moja: anayelinunua awe ni mpigaji. Tangu niwatajie wenzangu sharti hilo nimeitwa kila jina. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba nikilitangaza Ulaya nitapata mara mbili, na kwamba muuzaji anayechagua mnunuzi hana shida ya pesa. Shida ya pesa ninayo, kama mzazi yeyote anayedaiwa karo. Ila hesabu yake inavuja.

Kwanza mjue ni chombo gani. Asiyelijua gitaa hili hudhani ni la kuchezea watoto. Mbele linametameta vumbi la fedha, nyuma ni jeupe la lulu, na mahali ambapo gitaa nyingine zina swichi, hili lina safu ya vitufe vya kubonyeza. Madoido hayo yote yametoka kwenye kodiani, kinanda kile cha kuvutwa kifuani. Castelfidardo, katika mkoa wa Marche nchini Italia, ndiko Paolo Soprani alikoanza kuunda kodiani mwaka 1863, na mji mzima ukala jasho la kazi hiyo kwa vizazi. Muziki wa roki ulipoingia, vijana wakaiacha kodiani wakataka gitaa. Oliviero Pigini alikuwa ameshaanzisha kampuni ya Eko mwaka 1959 pale Recanati, jirani kabisa na Castelfidardo, na mafundi wa sehemu hizo wakahamishia ujuzi wao huko. Seluloidi, plastiki ya kizamani iliyokuwa ikivalishwa kodiani, ikavalishwa gitaa. Vitufe vya kubadilisha sauti ya kodiani vikawa vya kuchagulia pikapu. Ndugu wa LoDuca wa Milwaukee, watu wa kodiani wao pia, wakaziingiza gitaa hizo Marekani, na hata kampuni ya Vox ya Uingereza ikawapa Eko kazi ya kuiundia gitaa.

Sisi wa pwani tuna haki ya kutabasamu hapo. Kodiani tumeisikia kwenye taarabu kabla hatujazoea gitaa la umeme, na mzee aliyekaa mbele kwenye arusi za zamani hashangazwi na plastiki ya lulu. Ameshaiona kifuani kwa mpigaji, ikivuta pumzi.

Sasa fungua kasha lake unuse. Utapata harufu ya kafuri, yaani karafuu maiti, na mgeni mmoja nyumbani kwangu aliruka nyuma akauliza nani kafa. Harufu hiyo ni ya seluloidi yenyewe, kwa kuwa kafuri ni sehemu ya mchanganyiko wake, isikutishe. Ya kutisha ni ile kali ya tindikali inayowasha pua. Ukiisikia hiyo, jua seluloidi imeanza kuoza, na mvuke wake utakula skrubu, utakula pikapu, kisha utahamia kwa gitaa lililofungiwa kabatini pamoja nalo. Joto na unyevu huharakisha uozo huo. Sasa niambieni, ni mji gani wenye joto na unyevu kuushinda huu wetu wa Mombasa wakati wa kaskazi? Ongeza chumvi ya bahari, ambayo nyuzi mpya huzitia kutu hata vidole havijazizoea.

Ndiyo maana nasema mkusanyaji wa Mombasa hana raha ya mwenzake wa Milano. Yeye anaweza kulifunga gitaa miaka kumi akalikuta lilivyo. Hapa chombo kisichopigwa kinakufa. Vitufe vikibonyezwa mara kwa mara hujisugua vyenyewe na umeme ukapita. Vikiachwa huota uchafu, na ukiviamsha vinakwaruza spika mpaka majirani wakulalamikie. Nina gitaa zaidi ya ninazoweza kuzipiga, na mama watoto ameshauliza kama sebule ni duka. Basi moja liende kwa mwenye vidole.

Kuhusu Ulaya: bei mnazoziona mtandaoni ni za kuombwa, na ya kuombwa si ya kulipwa. Toa nauli, toa bima, toa forodha ya kule. Kuna pia suala la mti. Mwaka 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu umo, iliwekewa masharti ya kuvuka mipaka, na gitaa nyingi zina ubao wa vidole wa mti wa jamii hiyo. Mwaka 2019 ala zilizokamilika zililegezewa, isipokuwa za ule wa Brazili. Atakayelithibitishia dawati la forodha ubao wangu ni wa mti gani ni nani? Mimi siwezi, na sina hamu ya kujaribu.

Kasoro zake nazitaja mapema. Vitufe viwili bado vinakwaruza. Wenzo ukiutumia kwa fujo, gitaa linatoka kwenye tuni na halirudi mpaka ulibembeleze. Waya mmoja ndani umetiwa lehemu upya na fundi wa redio wa Mwembe Tayari, kazi safi. Sikulipaka rangi wala sikung'arisha skrubu, na muuzaji akikuonyesha gitaa la miaka 60 lisilo na mkwaruzo, muulize limepakwa lini. Sauti yake ni nyembamba na kali. Wapenda kelele wataliona dhaifu. Kwa bango, muziki ule wa pwani wa Mzee Ngala, ambako saksafoni ndiyo inayosema, ni sawasawa: linasikika bila kumziba mtu.

Alikuja bwana anayepamba mikahawa ya Nyali. Hakuuliza hata kama linalia. Alipima urefu wake kwa utepe, akasema litakaa vizuri juu ya kaunta. Alikuwa na pesa taslimu. Nikamwambia kuna mabango ya plastiki yenye picha ya gitaa, bei nafuu.

Siku nyingine akaja kijana wa Likoni anayepiga ridhimu kwenye bendi ya hoteli. Alilichomeka, akagusa vitufe vyote, akalipiga taratibu huku sikio ameliinamisha kwenye spika. Halafu: "Mzee wangu, hapa kwenye pikapu ya pili pana mlio nautaka. Niachie kwa sitini, nitume kwa M-Pesa mafungu matatu."

Fungu la kwanza limeshaingia. Akileta la pili kufikia mwisho wa mwezi, nampa na kasha bure, ila nimemwambia asilifungie humo. Akishindwa namrudishia pesa zake na bei inarudi sabini. Bwana wa mkahawa asijisumbue kupiga simu.