Kaya za Wamijikenda: nini kitaulinda msitu hofu ikiondoka?

Ukisafiri kutoka Mombasa kwenda Kaloleni hukosi kuona kilima kilichobeba msitu mzito utosini, na kuanzia ubavuni kushuka chini ni mahindi, mihogo na minazi. Mpaka kati ya msitu na shamba haukuwekwa na mpima ardhi. Uliwekwa na wazee, ukaheshimiwa kwa sababu kila mtu alijua, au aliamini kwamba anajua, yatakayompata atakayeuvuka na shoka. Huo msitu ni kaya. Pwani ya Kenya ina kaya zaidi ya 40, nyingine za hekta 10 tu, nyingine zinakaribia 400, na katika sehemu nyingi ndiyo miti mikubwa pekee iliyosalia.

Simulizi za Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana na Waribe, zinasema wazee wao walitoka Singwaya, kaskazini, wakikimbia vita. Wanahistoria wanabishana kuhusu safari hiyo. Lisilobishaniwa ni kwamba zamani, kwa kawaida husemwa kuanzia karne ya 16 hivi, watu hawa walijenga vijiji vyenye ngome ndani ya misitu, wakafukia fingo, yaani kinga ya kijiji, wakazika wafu wao na kufanya vikao vyao humo. Baadaye usalama ulipoongezeka walitoka mmoja mmoja kufuata mashamba, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa hazina wakazi. Hazina wakazi walio hai, mzee wa kaya angesema, maana kwake koma, roho za waliotangulia, bado wanaishi pale. Ndiyo maana kuni hazikuokotwa ovyo, njia hazikubadilishwa, na mti ulioanguka uliachwa uoze pale ulipolala.

Imani hiyo leo inapungua, na hakuna anayeifuatilia pwani anayelikana hilo. Wengine wanasema ipungue tu: sheria, sayansi na utalii vitashika zamu. Wengine wanasema bila imani msitu ni mbao zilizosimama zikisubiri mnunuzi. Ninaipenda misitu hii na nisingetaka hata mmoja upotee, kwa hiyo nimejaribu kuzipima hoja za pande zote mbili kwa haki.

Nianze na upande wa sheria, kwa sababu matendo yake yanaonekana. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mimea walipita kaya baada ya kaya na kukuta mimea adimu ambayo ilikwisha toweka kwingine. Kazi yao ilizaa kitengo cha uhifadhi wa misitu ya pwani chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na tangu 1992 kaya nyingi zimetangazwa kuwa kumbukumbu za taifa. Kabla ya hapo, mtu aliyejipatia hati ya shamba lililoingia ndani ya kaya angeweza kuwatoa wazee kortini bila jasho. Baada ya hapo, angalau wazee wana karatasi ya kuonyesha. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 63, inahesabu mahali patakatifu pa jamii kuwa sehemu ya ardhi ya jamii. Anayesema sheria haina maana amesahau jinsi hali ilivyokuwa kabla yake.

Lakini tazama yaliyotokea UNESCO. Mwaka 2008 kaya kadhaa ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ziliingizwa kwa vigezo vya utamaduni. Vigezo vya asili, pamoja na mimea yote ile adimu, havikutumika. Mwaka uliofuata, 2009, shirika hilohilo liliziingiza mila na desturi za kaya katika orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ukizisoma orodha hizo mbili pamoja, ujumbe wake unatisha: dunia ilikiri kwamba thamani ya misitu hii inatokana na uhusiano wa watu na msitu, halafu mwaka mmoja baadaye ikakiri kwamba uhusiano wenyewe unakufa. Tangazo la gazeti la serikali linaweza kumzuia mnunuzi wa ardhi. Kijana anayeingia usiku na msumeno halimzuii. Askari wa msitu ni wachache, kilima ni kikubwa, na gunia la makaa lina bei njema barabarani. Kilichokuwa kinamzuia babu yake huyo kijana hakikuhitaji mshahara.

Wengine wanaweka tumaini lao katika uzuri. Wanasema tuwaonyeshe watu uzuri wa kaya, nao wataupenda na kuulinda. Hoja hii ina mfano wake mzuri, Kaya Kinondo, kusini mwa Diani. Mgeni anafungwa kaniki nyeusi kiunoni, anaelezwa miiko kabla ya kuingia, anatembezwa na mwongozaji wa kijijini, na haruhusiwi kutoka na chochote, hata jani. Kiingilio kinarudi kwa jamii. Nimesikia watu wakibeza kwamba huko ni kuuza utakatifu. Sikubaliani nao, kwa sababu pale anayefuata kanuni ni mgeni, na mwenyeji hakulazimika kuzilegeza ili ampendeze.

Hata hivyo, nikipima hoja zote, uzuri ndio mlinzi ninayemwamini kidogo kuliko wote. Pwani ya kusini imetufundisha hilo kwa uchungu. Kaya zilizo karibu na bahari zimeumia kwa sababu ni nzuri. Kisiwa cha Chale kina kaya, na sehemu ya kisiwa hicho ni hoteli ya kitalii. Wageni walivutiwa na msitu uleule na mchanga uleule ambao wazee waliuheshimu, ila walivutiwa bila kujua, au bila kujali, nani amelala humo. Vigango navyo vimepitia hayohayo. Kigango ni nguzo iliyochongwa, mara nyingi kwa mti wa muhuhu, ambayo Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa wa chama cha gohu. Haiondolewi ikishasimikwa. Wakusanyaji wa sanaa waliziona nguzo hizo kuwa nzuri, na kwa miaka mingi ziliibwa mabomani, zikauzwa na kupelekwa ng'ambo. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver, Marekani, yaliamua kurudisha 30. Mtu aliyekiweka kigango ukumbini kwake hakukichukia, alikipenda sana. Lakini alipenda umbo lake, na umbo halikumwambia kwamba ni la baba wa mtu.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye imani. Muumini wa Kiislamu au Kikristo anaposema hawezi kushiriki tambiko la kuomba mvua, lenye sadaka na kuwaita koma, hasemi hivyo kwa dharau. Anasema hivyo kwa sababu dini yake inamwelekeza kwa Mungu pekee, na hakuna tafsiri laini itakayoondoa tofauti hiyo. Watetezi wa kaya hukosea wanapomwita mtu wa namna hii mtumwa wa wageni. Ukristo una mizizi ya muda mrefu hapa: Krapf na Rebmann walianzisha misheni Rabai mwaka 1846, jirani kabisa na kaya za Warabai. Wadigo kwa wingi wao ni Waislamu, na miongoni mwao wapo wazee wanaoswali swala tano na bado hawaruhusu mti wa kaya uguswe. Watu hao hawajachanganyikiwa. Wameamua, kila mmoja kwa namna yake, wapi wasimame.

Ila kuna hatua ambayo baadhi ya wahubiri huichukua na ambayo siwezi kuitetea. Kusema "sitasali pale" ni jambo moja. Kusema "mahali pale ni pa shetani, pafyekwe" ni jambo jingine kabisa, na halitoki moja kwa moja katika dini yoyote kati ya hizo mbili. Zote zinafundisha kwamba miti nayo humsifu Muumba wake, na zote zinaheshimu makaburi. Muumini anayeingia katika kaya na kumshukuru Mungu wake kimoyomoyo kwa mbambakofi iliyokuwapo kabla babu yake hajazaliwa hajamshirikisha Mungu na chochote. Na anayeukata mti huo hajamtukuza Mungu zaidi.

Nadhani katika yote yanayotajwa, kinachoweza kuwaunganisha watu hawa ni kumbukumbu. Chukua Kaya Fungo ya Wagiriama. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mama mjane, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwakusanya watu kupinga kodi na kazi za kulazimishwa za Waingereza. Wakaapa viapo kwenye kaya, wanawake kiapo kiitwacho mukushekushe na wanaume kile kiitwacho fisi. Akakamatwa, akapelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua kaya hiyo kwa baruti. Mtawala aliyekuwa na bunduki, magereza na kodi aliona bado haitoshi mpaka aulipue msitu. Alielewa kwamba watu wale walikuwa wakichota nguvu mahali pale. Mgiriama Mkristo, Mwislamu au asiyefuata dini yoyote anaweza kusimama Kaya Fungo akaguswa na hilo bila kuulizwa anasali wapi. Na anayekata mti pale anakata penye kiapo cha Mekatilili, jambo ambalo kijana aliyesoma hadi kidato cha nne anaweza kulielewa hata kama haogopi koma.

Wapo watakaopinga kwamba kumbukumbu ni dhaifu: haijazi tumbo, na inaweza kutekwa na wanasiasa wanaovaa mavazi ya wazee wakati wa kampeni, kisha hawaonekani tena. Yote mawili ni kweli. Karibu na Kaya Kauma kumekuwa na uchimbaji wa madini ya chuma, na anayepata ujira pale hawezi kulishwa historia. Ndiyo maana sitoi ushauri kwamba sheria na kiingilio viachwe. Lakini kumbukumbu ina jambo moja ambalo sheria na uzuri havina: inamfanya mtu aone hasara kuwa yake. Askari akiiona kaya imekatwa anaandika ripoti, na mtalii anatafuta ufuo mwingine. Mjukuu anayejua jina la aliyezikwa pale hana pa kuhamia.

Kuna jambo zito zaidi ambalo mijadala ya uhifadhi hulipita haraka. Huko Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa ardhi. Mvi zimekuwa hatari. Kaya Godoma, upande wa Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia nyumba zao kwa kuhofia watoto wao wenyewe. Mzee mmoja akiuawa, zinaondoka naye njia za kaya, majina ya makaburi, na kanuni za nani aingie lini. Huwezi kusema unahifadhi msitu mtakatifu huku wanaojua utakatifu wake wakilala kwa woga. Fedha zote za miche na mabango hazifui dafu mbele ya hili, na ningetaka mashirika yanayofadhili kaya yalihesabu kuwa sehemu ya kazi yao, sawasawa na kuhesabu miti.

Hivyo msimamo wangu ni huu. Serikali ifanye kile ambacho wazee hawawezi: ikamilishe kuziandikisha kaya kama ardhi ya jamii kwa mipaka iliyokubaliwa, iwashitaki wanaowaua wazee, na izuie leseni za machimbo zinazogusa kaya. Utalii uruhusiwe pale tu ambapo wazee wenyewe wameandika masharti, kama Kinondo. Viongozi wa dini wasiombwe kushiriki matambiko. Waombwe kusema hadharani, msikitini na kanisani, kwamba kukata kaya ni kuvunja makaburi ya wazee wa waumini wao.

Lililobaki ni la Wamijikenda wenyewe, na haliwezi kungoja mradi. Simu zenye kinasa sauti zimejaa vijijini. Vijana waketi na wazee waliobaki, kaya kwa kaya, wazirekodi njia, majina, miti na miiko kwa Kigiriama, Kidigo, Kiduruma na lugha nyingine za Kimijikenda. Yale ambayo wazee wanataka yabaki siri yabaki siri. Nakala ya kwanza ikae kijijini kabla nyingine haijapelekwa Nairobi, na mwalimu wa shule iliyo chini ya kilima awe na ruhusa ya kuwasikilizisha watoto.