Tao si paa jamani

Juzi nimekutana na picha ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mpigaji kasimama ndani kaelekeza kamera juu kabisa darini, na maelezo ya Kiingereza chini yake yanasema ni "arch". Imeniuma kweli, maana kile ni vault, yaani paa zima la mviringo, na kazi yote ya mafundi wale imo kwenye tofauti hiyo.

Arch ni tao, uwazi ukutani, unapita chini yake unatokea upande wa pili. Uzito wa juu unashuka kulia na kushoto, miguu inataka kuachana, kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kuibana. Sasa lichukue tao hilohilo ulirefushe mpaka lifunike chumba kizima, kama pipa lililopasuliwa katikati likalazwa, hapo ndo unapata vault. Nguvu ya kusukuma nje haipo tena kwenye miguu miwili, ipo ukuta mzima mwanzo hadi mwisho, na ukuta ukiwa mwembamba unaachia, paa lote chini. Kuba nayo ni tao lililozungushwa, haina maneno mengi.

Na nyumba za mawe za pwani zilizoeleka kuwekewa boriti za mikoko, dari bapa, upana wa chumba unaishia pale boriti inapoishia. Sasa mtu anaacha boriti anaamua kuweka matumbawe na chokaa juu ya vichwa vya watu wanaosali! Unaunda kwanza kiunzi cha mbao, unapanga mawe, unamimina chokaa, unangoja ishike ndo utoe mbao. Pale Msikiti Mkuu, sehemu iliyoongezwa karne ya 14 paa lake lilianguka, karne ya 15 wakalijenga tena, kwa kuba na vault. Hapohapo kisiwani ingia Msikiti Mdogo wa Kuba uangalie juu, utaona mpaka mabakuli ya kauri yamepachikwa.

Haya, nakubali tao na vault ni ndugu, na mtalii akichanganya hakuna kitakachobomoka. Ila Kilwa ni urithi wa dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 ilikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ukiona ufa kwenye tao unakagua miguu yake miwili, ukiona ufa kwenye vault unakagua ukuta wote. Anayeandika vibao na ripoti za ukarabati aandike kitu chenyewe, asiandike tao kila anapoona mviringo.