Waliokombolewa Bagamoyo walikuwa huru kiasi gani?

Njia ya kwenda misheni, hapa Bagamoyo, inapita katikati ya safu mbili za miembe mikongwe. Mbele kidogo kuna makaburi ya mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika 1868 wakitokea Unguja chini ya Padri Antoine Horner. Soma tarehe zilizoandikwa pale. Wengi walikufa vijana, homa iliwaondoa. Anayesema walikuja kujineemesha tu, asimame kwanza hapo.

Ila makaburi hayo hayanijibu swali la watoto. Mapadri waliingia soko la watumwa la Unguja, wakatoa pesa zilizochangwa na waumini wa Ulaya, nyingine kupitia Utoto Mtakatifu, chama cha Kikatoliki cha kuchangia watoto, wakatoka na watoto waliotekwa bara. Kanisa linasema waliwakomboa. Neno ni la kweli, maana mtoto yule hakuuzwa tena. Lakini hakuna aliyemuuliza anataka kwenda wapi. Alifikia kwenye kengele, bweni, katekisimu, useremala au uhunzi, na shamba. Akikua aliozwa mwenzake wa hapo hapo, akapewa nyumba katika kijiji cha uhuru, na bado alidaiwa kazi shambani kwa misheni. Misheni ya Mhonda ilipoanzishwa 1877, familia za namna hiyo zilipelekwa bara ziwe mwanzo wa Ukristo huko. Wapo waliotoroka.

Watetezi wa mapadri huuliza: wangefanyaje? Soko la Unguja lilifungwa Juni 1873, na hata baada ya hapo watu waliendelea kuuzwa kwa siri. Mtoto wa miaka sita ukimwachia njiani ukamwambia "nenda, uko huru", jua halitui kabla hajakamatwa tena. Kwao ni mwendo wa miezi, na huenda kijiji kilishachomwa. Hoja hii naikubali yote. Inatosha kueleza kwa nini walinunuliwa na kulelewa. Haitoshi kueleza kwa nini mtu mzima, mwenye mke na watoto, aendelee kupangiwa dini, kazi na mahali pa kuishi na yule aliyemlipia.

Wala tusijifanye kwamba upande wa Waislamu mambo yalikuwa tofauti kabisa. Sheikh Ramiya, aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa Kadiria, tarika ya Kisufi, mjini hapa, aliletwa Bagamoyo kutoka Kongo akiwa mtoto, naye mtumwa. Alisoma, akapanda, mji mzima ukamheshimu. Hata yeye dini aliikuta kwenye nyumba aliyopelekwa.

Ndiyo maana napenda kulinganisha na Magila, karibu na Muheza mkoani Tanga, walikokaa wamisionari Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza. Wabondei hawakununuliwa na mtu. Walikuwa kwao, na mashamba yao na wazee wao. Mzazi aliweza kumpeleka mwana shule na kumrudisha nyumbani msimu wa kulima. Mapadri walipolipinga galo, jando la Kibondei, wazazi wengi hawakuliacha kirahisi, na mvutano ule ulikuwa mrefu. Mtambo wa kuchapa wa misheni hiyo hiyo ndio uliotoa Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara, kuanzia 1895, na mwandishi wake Abdallah bin Hemedi alikuwa Mwislamu. Magila nako Wazungu walidharau mengi ya wenyeji, sikatai. Lakini mwenyeji alikuwa na pa kurudi akikasirika, na kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko wema au ubaya wa padri yeyote. Aliyebatizwa Magila aliweza kukataa. Mtoto wa Bagamoyo angekataa aende kwa nani?

Kuna mzee mmoja Mkatoliki, jirani yetu, ambaye ukoo wake ulianzia kwenye kijiji kile cha uhuru cha Bagamoyo. Nilimuuliza kabila lake. "Sisi ni watu wa misheni," akajibu. Nikamuuliza kabla ya hapo. Akanyamaza kidogo, akasema babu wa baba yake alikuwa akitaja ziwa, lakini ni ziwa gani hakuna aliyeshika. Nikasema, basi mzee, misheni iliwaonea. Akakunja uso. "Usiseme hivyo, mwanangu. Bila wao nisingekuwepo hapa unaponiuliza." Halafu, akiwa anainuka kwenda misa ya jioni, akaongeza: "Lakini lile ziwa ningependa kulijua."